Maoni Yetu: Maadili ya wakili yapimwe kwanza kwa pesa ya mteja

Kanuni za maadili ya mawakili wa Tanzania Bara zipo, na zimeandikwa vizuri. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, ilianza kama sheria ya kikoloni ya mwaka 1954, na kanuni za mwenendo na adabu zinazotumika sasa zilitoka kwenye Gazeti la Serikali mwaka 2018, tangazo namba 118. Zinamtaka wakili amtumikie mteja kwa uaminifu na kwa ujuzi, atunze siri zake, asitumikie mabwana wawili katika shauri moja, asiidanganye mahakama, asiwinde wateja kwa madalali, na asichanganye pesa ya mteja na ya kwake. Mwananchi angependa kulindwa na nini zaidi ya hapo?

Msimamo wetu ni kwamba kanuni hizi zimevuma sana pale wakili alipotumia mdomo wake hadharani, na hazisikiki kabisa pale wakili, au mtu anayejiita wakili, anapokula pesa ya mwananchi kimyakimya. Mizani hii imeinama upande usio sahihi, na wanaoumia ni watu wa kawaida kabisa.

Tuanzie Soweto, jijini Mbeya. Soko lake linafahamika: viazi, ndizi za kutoka Rungwe, maparachichi, maharage. Mama anayeuza viazi hapo hana akiba benki ya kusifia. Akiba yake ni kiwanja. Akipata misimu miwili mitatu mizuri anatafuta eneo kuelekea Uyole au Iwambi, analipa kwa awamu, na siku ya kumaliza anaambiwa twende kwa wakili tukaandikishane. Hiyo ndiyo siku pekee, kwa wengi, ambayo maisha yao yote yanapita mikononi mwa sheria.

Hebu tuitazame karatasi anayotoka nayo, maana tumeziona nyingi za namna hii. Ni ukurasa mmoja, umechapwa steshenari. Juu kuna kichwa cha habari kwa herufi kubwa: mkataba wa mauziano ya kiwanja. Katikati majina, bei, na mipaka inayosema kaskazini anapakana na fulani, kusini na barabara. Chini kuna sahihi ya muuzaji, dole gumba la shahidi, muhuri wa mwenyekiti wa mtaa, na pembeni kabisa muhuri wa duara wa wakili wenye maneno ya Kiingereza, umegongwa kwa haraka hadi jina limefifia nusu. Pale penye nafasi ya tarehe na mahali pako wazi. Hakuna popote palipoandikwa nani aliiandaa.

Sasa sheria inasemaje? Sheria ya Mawakili inamtaka anayeandaa hati ya namna hii aandike jina lake na anwani yake juu ya hati hiyo. Sheria ya viapo na uthibitisho wa hati, Sura ya 12, inamtaka anayeapisha mtu aweke jina lake na aseme kweli ni wapi na ni tarehe gani kiapo kimechukuliwa. Mambo haya mawili yanaonekana madogo. Lakini siku mgogoro ukifika Baraza la Ardhi na Nyumba, ndiyo yatakayoulizwa kwanza, na mama wa viazi ndiye atakayeshika kichwa. Aliyegonga muhuri hatakuwepo.

Huenda pia hakuwa wakili. Mbeya, Iringa, Njombe, kote kuna vishoka. Wengine waliwahi kuwa makarani katika ofisi za mawakili, wakajifunza namna ya kupanga maneno, kisha wakachonga muhuri. Wengine walisoma sheria kweli ila hawakuapishwa. Wengine ni mawakili halisi ambao leseni zao zimekufa, kwani leseni ya uwakili ni ya mwaka, inaisha tarehe 31 Desemba, na asiyeihuisha hana ruhusa ya kufanya kazi hiyo hata kama jina lake bado limo kwenye orodha. Mteja hatofautishi hawa wote. Anachoona ni meza, vitabu vinene na tai.

Mahakama ya Rufani ilishaliweka jambo hili wazi kabisa, na shauri lenyewe lilitoka huku huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Katika mgogoro wa uchaguzi wa ubunge wa Songea Mjini wa mwaka 2005, kati ya Edson Mbogoro na Dk. Emmanuel Nchimbi, majaji walisema kwamba wakili anayefanya kazi bila leseni hai anavunja sheria, na kwamba anachokifanya kwa nafasi hiyo hakina nguvu ya kisheria. Pale walikuwa wanagombana watu wazito, wenye uwezo wa kurudi tena mahakamani na karatasi mpya. Mkulima wa Rungwe ambaye rufaa yake imetupwa kwa sababu hiyohiyo, muda ukiwa umepita, anarudi nyumbani bila shamba.

Mahakama imeweka mfumo wa e-Wakili kwenye mtandao, ambapo mtu yeyote anaweza kutafuta jina la wakili na kuona kama leseni yake iko hai. Ni kazi nzuri na tunaipongeza. Lakini tuseme ukweli: wangapi sokoni Soweto wamewahi kuusikia? Orodha ya mawakili nchini imevuka watu 10,000. Kanuni nazo zinamzuia wakili kujitangaza kwa mabango na vipaza sauti, na tunaziunga mkono, kwa kuwa haki haipigiwi debe kama bajaji za Kabwe. Ila matokeo yake ni kwamba mawakili waadilifu wamekaa kimya ofisini kwao, na uwanja umebaki kwa dalali wa kesi anayezunguka nje ya lango la mahakama akimwuliza kila mwenye uso wa wasiwasi, mama, una shida gani, nikupeleke kwa msomi?

Kuna kosa jingine ambalo limezoeleka kiasi kwamba hata wanaolitenda hawalioni tena. Wakili mmoja anaandaa mauziano, anachukua ada kwa mnunuzi, anachukua nyingine kwa muuzaji, anawasainisha wote meza moja. Kanuni za 2018 zinamkataza kukaa katikati ya maslahi yanayogongana bila kuwaeleza wote wawili na kupata ridhaa yao. Katika mauziano ya kiwanja maslahi hugongana tangu mwanzo: muuzaji anataka pesa leo, mnunuzi anataka kujua kama eneo hilo halijauzwa kwa mwingine, kama si la urithi, kama mwenza wa muuzaji ameridhia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia nyumba ya wanandoa kuuzwa na mmoja bila idhini ya mwenzake. Wakili aliyelipwa na pande zote mbili ana sababu gani ya kuuliza swali litakaloharibu biashara? Hivyo haulizi. Miaka mitatu baadaye mke wa muuzaji anatokea na cheti cha ndoa, na wote wawili, mke na mnunuzi, wana haki ya kulia.

Sasa pesa. Hapa ndipo tunapotaka kukaa zaidi.

Mteja anashinda kesi ya madai, au fidia ya ajali kwenye barabara kuu ya Zambia inalipwa na kampuni ya bima. Hundi inapita kwa wakili. Pesa hiyo, toka inaingia hadi inatoka, ni mali ya mteja, na wakili ni mtunzaji tu. Inapaswa kukaa kwenye akaunti ya wateja, mbali na akaunti ya ofisi na mbali kabisa na mfuko wake, na ada yake aitoe kwa hesabu ambayo mteja ameiona. Badala yake tunasikia simulizi moja, ikirudiwa na watu wasiofahamiana: malipo bado, bima wanasumbua, njoo mwezi ujao. Karani anajibu simu kwa upole, "Mama yangu, jalada liko vizuri, wewe kauze viazi vyako." Mwaka unapita. Siku mjane anapopata ujasiri wa kwenda mwenyewe kwenye ofisi ya bima, anaonyeshwa kwamba pesa ililipwa zamani.

Huo ni wizi, na tunaliandika neno hilo tukijua uzito wake. Wakili aliyekula pesa ya mjane hana cha kujitetea kwa kusema biashara ilikuwa ngumu.

Ada yenyewe nayo ina utaratibu. Amri ya malipo ya mawakili ya mwaka 2015, tangazo namba 264, imeweka viwango, na inaruhusu wakili na mteja kukubaliana vingine kwa maandishi. Kwa maandishi. Huku kwetu makubaliano mengi ni ya mdomo, malipo yanatumwa kwa simu kwenda namba binafsi, na risiti haitolewi. Kisha kila tarehe ya kutajwa kesi inazaa dai jipya: nauli, kuchapa, kutoa nakala. Na lipo dai baya kuliko yote, linalosemwa kwa sauti ya chini: ya hakimu. Mara nyingi hakimu huyo hajui lolote; jina lake limetumika kumkamua mteja. Mara nyingine, kwa aibu yetu sote, anajua. Katika hali zote mbili, wakili aliyetamka maneno hayo amekiuka kiapo chake kwa mteja na kwa mahakama kwa pigo moja. Na mteja anayetoa akijua ni hongo ajue naye ameshiriki kosa. TAKUKURU wana ofisi Mbeya. Mlango wao haulipiwi.

Je, Kamati ya Mawakili, chombo kilichopewa nguvu ya kuonya, kusimamisha na hata kufuta jina la wakili kwenye orodha, imejulikana kwa umma kwa mashauri ya aina gani? Mwananchi wa kawaida akiulizwa atataja mawili.

La kwanza ni la Fatma Karume, aliyekuwa rais wa Chama cha Mawakili Tanganyika, TLS. Septemba 2019 alisimamishwa na Mahakama Kuu kwa sababu ya maneno yaliyokuwa katika hoja zake za maandishi, katika kesi ya kupinga uteuzi wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Septemba 2020 Kamati ikafuta jina lake kwenye orodha ya mawakili wa Bara. Juni 2021 Mahakama Kuu ikatengua uamuzi huo.

La pili limetoka mlangoni kwetu. Mwaka 2023 kesi ya kupinga mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai ilisikilizwa hapa, Mahakama Kuu Kanda ya Mbeya, na majaji watatu waliitupa tarehe 10 Agosti. Mmoja wa mawakili wa waliofungua kesi alikuwa Boniface Mwabukusi, anayefanya kazi zake Mbeya. Kwa maneno aliyoyatoa hadharani kuhusu mkataba huo alishtakiwa mbele ya Kamati, na Mei 2024 akapewa onyo. Onyo hilo likatumiwa kumwondoa kwenye kinyang'anyiro cha urais wa TLS. Mahakama Kuu ikamrudisha Julai, na Agosti 2, jijini Dodoma, mawakili wenzake wakamchagua kwa kura 1,274.

Hatusemi wakili asiwe na mipaka ya ulimi. Lugha ya wakili mbele ya hakimu ni sehemu ya kazi yake, na anayetukana mahakama anamharibia mteja wake kwanza. Lakini tupime madhara. Katika mashauri haya mawili hakuna mteja aliyelalamika kuibiwa. Waliokwazwa ni wenye mamlaka. Na katika yote mawili Mahakama Kuu ilibidi iingie kurekebisha. Upande wa pili kuna wateja walioliwa pesa za fidia, waliouziwa kiwanja chenye mgogoro kwa mkataba wa wakili, walioachwa mahakamani peke yao siku ya kusikilizwa, na majina ya mawakili waliowatenda hivyo hayajawahi kufika sokoni. Kamati huwaadhibu mawakili kwa makosa ya pesa pia, hilo tunalikubali. Basi itangaze. Uamuzi unaobaki kwenye jalada haumwonyi mteja anayekuja kesho kwa wakili yuleyule.

Majirani zetu wametangulia kwa hatua moja. Kenya ina Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili tangu mwaka 1989, ofisi ya serikali inayopokea lalamiko la mwananchi bila malipo, inamwita wakili kujibu, inasuluhisha inapowezekana, na inapeleka mashtaka ya nidhamu pale inapobidi. Mkenya asiye na senti ya kumlipa wakili wa pili ana mtu wa kumbebea lalamiko dhidi ya wakili wa kwanza. Na tusidhani nchi tajiri zimepona. Uingereza, mwaka 2023, kampuni ya mawakili ya Axiom Ince ilifungwa na msimamizi wa taaluma baada ya kugundulika kwamba zaidi ya pauni milioni 60 za wateja hazipo. Tofauti ni kwamba kule kulikuwa na mfuko wa fidia, na wateja waliweza kuuombea. Mfuko wa namna hiyo unachangiwa na mawakili wenyewe, kwa imani kwamba mwizi mmoja amechafua jina la wote, na wote wana wajibu wa kusafisha. TLS inaweza kulijadili jambo hilo kwenye mkutano mkuu wake bila kusubiri serikali.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, na mwaka huohuo mawakili wakaruhusiwa kuingia mahakama za mwanzo zinazoongozwa na mahakimu wakazi. Maana yake ni kwamba wakili sasa anakutana na watu ambao zamani hakuwafikia: wenye kesi za mirathi, madai madogo, ndoa. Kanuni za maadili za 2018 zilitoka kwa Kiingereza. Mtu anayelindwa na kanuni asiyoweza kuisoma hajalindwa. Tunataka zitafsiriwe rasmi, na muhtasari wake wa ukurasa mmoja ubandikwe ukutani katika kila ofisi ya wakili, palipo na benchi la wateja, ukitaja haki ya kupata risiti, haki ya kujua tarehe za kesi, haki ya kurudishiwa jalada lake, na mahali pa kupeleka malalamiko.

TLS wana tawi Mbeya na wana tawi Iringa. Tunawaomba jambo ambalo halihitaji sheria mpya: kila Februari, leseni za mwaka zikishahuishwa, wachapishe orodha ya mawakili wenye leseni hai katika mkoa, waibandike kwenye ofisi za mitaa, mahakama za mwanzo na masoko. Waanze na Soweto. Wenyeviti wa mitaa nao wakatae kugonga muhuri wao kwenye mkataba ambao jina la wakili halisomeki au halipo kwenye orodha hiyo. Hapo pekee kishoka atakosa kazi, kwa kuwa muhuri wa mtaa ndio unaompa uhalali machoni pa watu.

Mawakili waadilifu, nao ni wengi, wanajua wenzao wanaoharibu. Wanakaa nao kwenye korido za mahakama, wanasikia wateja wao wakilia. Ukimya wao unaeleweka, kwa sababu mji ni mdogo na kesho mtakutana upande mmoja wa kesi. Lakini wapo miongoni mwao wanaotetea wajane bila malipo, wanaokesha na majalada ya watuhumiwa wa mauaji kwa posho ndogo ya serikali, waliosimama na waliokamatwa kwa kusema. Hao ndio wanaochafuliwa zaidi, na wao ndio wangeanza kuandika kwa Kamati.

Kwa msomaji wetu mwenye kiwanja cha kununua mwezi huu: nenda na mtu anayeweza kufungua e-Wakili kwenye simu yake, tafuta jina kabla hujatoa hata shilingi. Uliza wakili anamwakilisha nani, wewe au muuzaji. Kama ni muuzaji, tafuta wa kwako. Omba makubaliano ya ada kwa maandishi. Lipa kwa jina la ofisi, upewe risiti. Hati ikikamilika isome mstari kwa mstari pale pale mezani, na hakikisha jina la aliyeiandaa, anwani, mahali na tarehe vimeandikwa na vinasomeka. Ukiambiwa risiti utaifuata wiki ijayo, chukua pesa yako uondoke.